Nembo ya Mizizi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, kazi yangu ilikuwa ubao. Mwalimu wa darasa alinipa chaki ya kijani na ya njano, nami nikaandika tarehe kwa herufi za mapambo, nikazungushia maua, na pembeni nikachora chochote kilichonijia: ndege, mtungi, jua lenye macho. Wenzangu wakiingia walisema, "Rangi, leo umeua!" Rangi ndilo jina walilonipa, kwa sababu nilikuwa na penseli za rangi kumi na mbili ndani ya kopo la bati, na wengine walikuwa na mbili tatu za kuazimana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kichwa kilichovimba kwa sifa. Nalisema hili mapema ili msije mkanihurumia mbele ya safari.

Niliketi dawati moja na msichana tuliyemwita Gunia. Mkoba wake wa shule ulishonwa kwa gunia la mahindi, na ubavuni bado ulisomeka "kilo tisini." Jina hilo nilimpa mimi, tulipokuwa darasa la nne. Darasa zima lilicheka, jina likamganda hadi walimu wakalizoea. Yeye mwenyewe alicheka siku ile, nami nikaona yameisha.

Mama yake alifanya kazi kwenye ghala la nafaka, kupiga chapa magunia. Jioni Gunia alikwenda kumsaidia. Alilaza bati lililotobolewa herufi juu ya gunia, akapitisha brashi ya rangi nyeusi, akainua bati, maandishi hayo hapo, lete lingine. Ndiyo maana kucha zake zilikuwa nyeusi siku zote, nasi tulimtania kwamba anakula lami. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata hivyo tulikuwa marafiki, tena wa kweli. Kifutio tulikata kwa wembe nusu kwa nusu. Mama yangu alipolazwa hospitalini, nililala kwao wiki mbili, nikala sahani moja naye.

Ni mimi peke yangu niliyejua habari za shangazi yake. Shangazi huyo aliishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na alikuwa akiomba apelekewe Gunia amsaidie kulea watoto na kazi za nyumbani. Mama yake alikuwa bado anasitasita.

"Mama anasema hapa nikimaliza darasa la saba sina pa kwenda," aliniambia siku moja, akikata kifutio bila kunitazama. "Kama ningepata mahali pa kujifunza kazi hapa hapa, asingenipeleka."

"Usiende," nikamwambia.

"Ningekuwa na uwezo wa kukataa, ningekuwa hapa nakulalamikia?"

Mtaa wetu uko chini ya mteremko. Miti ya mteremko huo ilikatwa yote kabla sisi hatujazaliwa, na kila msimu wa mvua tope linashuka mpaka mlangoni mwa watu. Mwaka uliotangulia lilibomoa ukuta wa chumba kimoja cha kina Gunia, wakalala watu watano chumba kilichobaki. Kwa hiyo mama mmoja, nesi mstaafu, alianzisha kikundi cha kupanda miti. Watu walimwita Mama Miche. Alipokuja shuleni kwetu alisimama mbele ya darasa kama bado yuko wodini.

"Kikundi changu kina watu themanini," alisema. "Tuna miche ya kutosha. Tunachokosa ni sura. Mwaka jana tulipanda, nusu ikang'olewa. Wengine walidhani ni vijiti vya maharage. Mmoja, namjua na yeye anajijua, aliung'oa akaenda kufungia mbuzi wake." Tukacheka. Yeye hakucheka. "Sasa nataka nembo. Alama moja tu, itakayokaa kwenye bango, kwenye fulana, na kwenye kigingi cha kila mche, mtu akiiona ajue huu una wenyewe, asiguse. Iwe nyepesi. Rangi moja. Isomeke na mtu anayekimbia mvua."

Akaendelea kwamba mchoro utakaoshinda, jina la aliyeuchora litaandikwa kwenye bango kubwa kando ya barabara. Halafu akatoa la mwisho. Fundi wa mabango, yule mwenye karakana karibu na kituo cha mafuta, amekubali kumchukua mshindi huyo kila siku baada ya shule na likizo zote, amfundishe kazi mpaka aijue.

Chini ya dawati Gunia alinishika mkono, akaubana hadi ukauma.

"Rangi, umesikia?"

Nilisikia, ila nilichosikia mimi ni jina kwenye bango. Karakana haikunikaa hata kichwani.

Tulipewa wiki mbili. Nilichora mti mkubwa kwa rangi zote kumi na mbili. Nilitia ndege wanne, jua, watoto walioshikana mikono, na mto, ingawa mtaani kwetu hakuna mto. Mwalimu wa sanaa aliutazama, akasema, "Unapendeza. Lakini yule mama si alisema rangi moja?" Nikamjibu kwamba watu wanapenda rangi. Ndivyo nilivyokuwa: ukinisifu nasikia, ukinikosoa nina jibu.

Siku moja kabla ya kukusanya michoro, Gunia alinivuta nyuma ya darasa.

"Kesho siji," alisema. "Kuna lori la magunia mia nne, mama hawezi peke yake. Nipelekee huu kwa mwalimu. Tafadhali usiukunje."

Akatoa mkobani karatasi ya kaki, ile ya kufungia bidhaa dukani. Nikaifunua.

Ulikuwa mti mmoja, mweusi tii, matawi matatu tu na majani ya kuhesabika. Lakini chini yake mizizi iliteremka na kujikunja kama vidole, na vidole hivyo vilikuwa vimeishika nyumba ndogo yenye dirisha moja. Duara nene lilizunguka vyote. Ungetazama mara moja tu ukaelewa: mti umeishika nyumba isiende na tope. Hakukuwa na neno hata moja, na halikuhitajika.

"Umechora mwenyewe?" nikauliza.

"Nani tena?"

"Ni mzuri," nikasema, na neno hilo lilinitoka kwa shida. Wivu ulikuwa umenishika. Nilitafuta kasoro nikaipata: duara lilikatika mahali panne, na fremu ya dirisha ilikuwa na mapengo mawili madogo. Nikajisemea moyoni, huyu hata kufunga mstari hawezi.

Nilipofika nyumbani niliweka michoro yote miwili mezani. Wangu ulionekana kama kalenda ya duka. Nilikaa nikiutazama wa Gunia hadi nikauchukia, kisha nikachukua karatasi nyeupe ya manila na wino mweusi, nikauchora upya. Mkono wangu ni mwepesi, haikuchukua hata saa moja. Duara nikalifunga kabisa, dirisha nikalifunga, kila pengo nikalijaza. Nilijiambia kwamba nasafisha tu. Nilijiambia pia kwamba kazi niliyoisafisha mimi, nusu yake ni yangu. Chini nikaandika jina langu na la baba yangu, kwa herufi za mapambo.

Ile karatasi ya kaki niliitia kwenye jiko la mkaa. Iliungua kabla sijahesabu hadi kumi.

"Kuna nini kinanuka huko?" mama aliuliza kutoka chumbani, alikokuwa anashona.

"Karatasi tu, mama."

Siku iliyofuata nilimpa mwalimu mchoro mmoja. Jioni nilikutana na Gunia njiani, ametapakaa rangi hadi viwikoni, akauliza kama nimeupeleka. Nikasema nimeupeleka. Akasema asante.

Wiki iliyofuata jina langu lilisomwa mstarini. Makofi yalipigwa, walimu wakanipa mkono, mwalimu mkuu akasema nimeipa shule heshima. Gunia alipiga makofi kuliko wote. Tulipotawanyika alinijia.

"Hongera. Wako lazima ulikuwa mkali," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Basi mimi safari ndiyo hiyo."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo niliufungua kabisa, na kilichotoka ni, "Utazoea tu."

Baada ya siku mbili mchoro ulibandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nilimkuta Gunia amesimama mbele yake, peke yake, mkoba begani. Alisikia hatua zangu akageuka. Nilijikaza nikingoja kofi, au kelele, au aniite mwizi mbele ya ofisi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama, akautazama tena mchoro, akasema neno moja:

"Umeziba."

"Nimeziba nini?"

Alinipita. Alikwenda darasani, akatoa vitabu vyake kwenye dawati letu, akahamia nyuma. Kesho yake hakuja shule. Jirani yao mmoja wa darasa letu akasema Gunia anasafiri Jumamosi alfajiri, kwa shangazi yake, harudi. Nilijiuliza kwa nini hakunisema kwa mwalimu, na jibu nililijua vizuri. Kati ya Rangi na Gunia, nani angeaminiwa kwamba amechora?

Ijumaa mchana nilikwenda karakanani kuanza kazi. Mabati yalikuwa yameegemezwa ukutani, mengine yameandikwa nusu, harufu ya rangi imejaa kila mahali. Fundi wa mabango alikuwa mzee mfupi mwenye penseli nyuma ya kila sikio, anaimba wimbo usio na maneno.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bingwa! Karibu. Usiguse mlango, haujakauka. Umeshaugusa? Basi hiyo ni zawadi, nenda nayo nyumbani."

Nyuma yake vilirundikwa vigingi mia tatu. Jumapili kikundi kilikuwa kinapanda, na kila kigingi kilitakiwa kipigwe nembo. Fundi akanieleza namna: mchoro unakatwa kwenye kitu kigumu chembamba, kilicho cheusi kinatobolewa, kilicho cheupe kinabaki, kisha unaweka juu ya kigingi na kupiga rangi kwa sponji. Akanipa filamu kubwa ya eksirei, ile nyeusi ya hospitalini.

"Mama Miche katuletea za zamani kutoka zahanati. Hizo ni mbavu za mtu. Usiogope, alipona. Haya, kata nembo yako."

Nilinakili mchoro kwa kalamu nyeupe, nikachukua wembe. Mti ulikatika vizuri, mizizi ikakatika, nyumba ikakatika. Kile kipande cha dirisha kiliponyoka kikaanguka, nikadhani ni kidogo tu, hakidhuru. Kisha nikazungusha wembe kwenye duara. Nilipokamilisha mzunguko, ndani yote iliachia. Mti, mizizi na nyumba vilianguka sakafuni kwa pamoja, nikabaki nimeshika filamu yenye tundu kubwa.

Fundi alicheka hadi akakohoa. "Sote tulianza hivyo! Chukua nyingine."

Nikakata ya pili, polepole, nikibana meno. Dirisha likaanguka. Duara likaisha, ndani yote ikaanguka tena. Nikataka kuchukua ya tatu, lakini safari hii fundi hakucheka. Aliichukua ile karatasi yangu ya manila, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo muda mrefu.

"Mchoro huu umechora wewe?"

"Ndiyo, fundi."

"Hebu njoo uone. Mistari yote unene mmoja. Jani haligusi jani. Mizizi imeachana, kila mmoja peke yake. Aliyechora hivi anajua kukata, tena anajua sana, tangu penseli ya kwanza alikuwa anafikiria wembe. Halafu mtu huyo huyo akafunga duara na dirisha?" Akatikisa kichwa. "Mtu anayejua hafungi. Anaacha vipande vidogo bila kukata, ndivyo vinavyoshikilia katikati isianguke. Sisi tunaviita vidaraja. Hapa kama wamechora watu wawili, mmoja fundi, mmoja hajui kitu. Sasa niambie, binti, wewe ni yupi?"

Neno la Gunia likanirudia, nikalielewa. Mapengo yale hayakuwa makosa. Alikuwa ameyaweka mwenyewe, moja moja, na mimi niliyajaza nikidhani nampita akili. Nilijiona mjinga kwanza, kisha ndipo nikajiona mwovu, na naona haya kusema kwamba yalikuja kwa mpangilio huo.

"Mimi ni huyo asiyejua," nikasema. Nikamweleza yote, hadi jiko la mkaa.

Fundi hakunipigia kelele. Alikaa juu ya debe la rangi, akazitoa zile penseli masikioni kana kwamba zimekuwa nzito.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kwao. Anasafiri kesho alfajiri. Anapelekwa kwa shangazi yake kwa sababu hakupata nafasi hii."

"Na hilo ulilijua?"

"Nililijua."

"Lo," alisema fundi, basi. Akachukua filamu moja na wembe, akafunga karakana mchana kweupe. "Twende. Nitasimama pembeni. Kusema utasema wewe."

Kwa kina Gunia, alama ya tope la mwaka jana ilikuwa bado ukutani, kimo cha magoti. Upande uliobomoka ulizibwa kwa mabati. Mama yake alikuwa uani, anajisugua rangi mikononi kwa mafuta ya taa. Mlangoni palikuwa na begi lililofungwa kwa kamba, na juu yake viatu vya shule vilivyosafishwa.

Tukapiga hodi, tukakaribishwa. Mama yake akamwita Gunia, naye akatoka, akasimama kizingitini. Nilisema. Sikuyapamba. Nilisema nimeiba mchoro, nimeuandika jina langu, nimedanganya mara tatu, na safari hii ya kesho imesababishwa na mimi.

Mama yake aliacha kujisugua. Mafuta ya taa yalikuwa yanamdondoka kwenye vidole.

"Wewe si ndiye uliyelala hapa mama yako alipokuwa hospitalini?"

"Ndiye, mama."

"Nikakupa upande wa ukutani kwa sababu ulikuwa unaogopa giza."

"Ndiyo."

"Na mwanangu alikupa kazi yake mkononi mwako, hakumpa mtu mwingine." Alimeza mate. "Mimi juzi nilimgombeza. Nilimwambia aache kujitia uchoraji, ona wenye vipaji wanavyoshinda. Nilimwambia hivyo mwanangu mwenyewe!"

Gunia alikuwa bado amesimama kizingitini, uso mkavu. Akauliza jambo moja tu.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Niliichoma."

Hapo ndipo alipolia. Hakuwa amelia kwa ajili ya bango wala safari. "Nilichora kumi na moja zikanishinda," alisema. "Hiyo ilikuwa ya kumi na mbili."

Fundi alikohoa, akasogea. Akamnyooshea Gunia ile filamu na wembe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Mwanangu, unaweza kuurudia?"

Gunia alijifuta machozi kwa bega. Alikaa kwenye kigoda, akachora kwa kalamu ya fundi bila kuangalia popote, kisha akakata. Wembe wake ulikwenda taratibu, ukifika mahali unaruka, unaendelea. Duara aliliacha limeshika pande nne, dirisha pande mbili. Alipomaliza alishika filamu kwa ncha mbili, akaikung'uta kwa nguvu. Hakikuanguka kitu.

"Wewe nani kakufundisha?" fundi aliuliza.

"Mabati ya ghalani. Herufi zenye tundu katikati ndivyo zilivyo, zina vishikio. Nikaona na nyumba itakaa hivyo hivyo."

Fundi akamgeukia mama yake. "Mama, karakana ina nafasi moja, na mwenyewe ndiye huyu. Mimi sina mtoto wa kunirithi brashi. Niachie huyu."

Mama yake alitazama begi mlangoni. "Shangazi yake tayari anamngojea. Nitamwambia nini?"

"Mwambie amepata kazi ya kujifunza. Si uongo."

Mwishowe mama alifuta mikono kwenye kanga, akalibeba begi, akaingia nalo ndani. Tulimsikia akilisukuma chini ya kitanda.

Jumapili, kule mteremkoni, Mama Miche, aliyekwisha kuelezwa yote na fundi, alinisimamisha mbele ya watu themanini, kila mmoja na jembe au mche mkononi. "Uliwadanganya wote hawa," alisema, "kwa hiyo utawaambia wote hawa." Niliwaambia. Mmoja nyuma akasema, "Aibu!" na hakukuwa na wa kumkatalia. Mama yangu alikuwepo, na alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye bango la barabarani, lililokuwa limeshaandikwa, jina langu lilifutwa kwa tapentaini, likaandikwa la Gunia, jina lake lote kamili, ambalo nusu ya mtaa walikuwa hawalijui. Adhabu yangu ilikuwa kumsaidia kupiga nembo kila Jumamosi, hadi vigingi vya msimu mzima viishe.

Karakanani yeye alikuwa mkubwa na mimi mdogo. Alizungumza nami, msije mkadhani aliniwekea kinyongo, ila yalikuwa maneno ya kazi tu. "Bana hapo. Usitikise. Inua. Lete kingine." Kifutio alikuwa nacho chake. Jumamosi ya kwanza nilimwomba radhi, akasema, "Nimesikia." Ya pili nikamwomba tena, akasema, "Bana hapo." Ya tano nilimletea penseli zangu zote kumi na mbili, na lile kopo. Alizitazama, akazisukuma polepole upande wangu wa meza.

Siku ile nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mama alikuwa kwenye cherehani.

"Nimeungama!" nikamwambia. "Mbele ya watu themanini! Nafasi amepata, jina limeandikwa, hakusafiri. Nimeomba radhi hadi nimechoka. Sasa anataka nini zaidi?"

Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nani kakwambia anataka kitu?" aliuliza. "Kaa chini. Ulichomrudishia kilikuwa chake. Hukumpa zawadi hata uzi mmoja, mwanangu, kwa hiyo usikae ukingoja shukrani. Ulichoiba unaweza kukirudisha, nawe umekirudisha, na mimi nashukuru kwa hilo, maana wapo watu wazima wasioweza. Lakini yule alikuwa anakuamini bila hata kufikiri. Hilo huwezi kumrudishia, kwa sababu hunalo. Analo yeye. Akipenda atalitoa, na asipopenda, utaishi hivyo."

"Na kama hatapenda kamwe?"

"Kazi utaifanya vizuri hivyo hivyo. Uaminifu si wa kufanya ili upendwe. Ungeujua mapema, leo ungekuwa na rafiki. Sasa umeujua umechelewa, basi angalau usiusahau."

Akarudi kwenye ushonaji wake. Nilingoja aongeze neno la kunituliza, kama akina mama wanavyofanya, lakini hakuongeza.

Jumamosi iliyofuata nilifika karakanani kabla ya fundi. Gunia alikuwa ameshafika, amevipanga vigingi. Sikumwomba radhi siku hiyo. Nilishika filamu kwa mikono miwili, nikaibana vizuri, naye akapiga rangi.